Divosi Nilizotafsiri Kitale na Bungoma

Siku yangu ya kwanza kazini niliwaacha wake wawili kabla ya chai ya saa nne. Wa tatu nilimfukuza baada ya chai, na jioni nikarudi nyumbani kumpikia mume wangu ugali kana kwamba sikufanya kitu. Ndivyo ilivyo kazi ya mkalimani wa mahakama. Shahidi akisema "mimi," nawe unasema "mimi." Hata akiwa mwanamume mwenye ndevu anayenuka tumbaku, nawe ni msichana wa Mabanga uliyevaa sketi ya kushonewa na mama, unasimama wima mbele ya hakimu na kusema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba umemwacha mke wako kwa kuwa mboga zake hazina chumvi. Hakuna anayecheka. Anayecheka huonyeshwa mlango na askari.

Nimestaafu sasa, na nyinyi mliobaki masijala mmeniomba niandike habari za kazi. Najua mlitaka niwaeleze mtu anavyopanda cheo. Anayetaka hayo awaulize waliopanda. Mimi nitaandika juu ya neno moja la Kiingereza ambalo watu wetu wamelichukua, wakalivua nguo zote na kulitembeza uchi kutoka Kitale hadi Bungoma. Neno lenyewe ni divosi. Nawasikia hata nyinyi mkilitumia ovyo kwenye korido, na vyeti vyenu ukutani.

Aliyenifundisha kazi pale Kitale alikuwa Mzee Ndiwa, mtu wa mlimani, upande wa Elgon. Alijua Kisabaot cha kwao, Kibukusu cha jirani, Kiswahili cha sokoni na Kiingereza cha mahakimu waliokwisha kufa. Vifaa vyake vilikuwa viwili. Cha kwanza ni daftari la shule alilolikata katikati kwa kisu ili litoshe mfuko wa koti. Cha pili ni penseli aliyoifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati, maana kalamu ya wino humwishia mtu katikati ya kiapo. Maji hakunywa asubuhi nzima, kwa sababu mkalimani hana ruhusa ya kwenda haja shahidi akiwa kizimbani. Mimi nilikunywa chai vikombe viwili siku ile ya kwanza na nikajuta hadi saa saba.

Alinipa sheria mbili tu. Nazikumbuka kwa maneno yake mwenyewe. "Wewe si wakili wa mtu, na wewe si mama ya mtu. Neno likikuja na matope, peleka na hiyo matope yake." Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili ilikuwa hii: "Lakini kama hujui ndani ya neno kuko nini, usipeleke. Inua mkono." Alimaanisha mkono wa mkalimani, ule wa kulia, unaoinuliwa hadi usawa wa bega kumwomba hakimu ruhusa ya kuuliza maana. Alisema mkono huo usiinuliwe mara nyingi, kwa sababu hakimu akikuona unainua kila siku atadhani hujui lugha.

Sasa neno lenyewe. Wenzetu Waislamu wa pwani wana talaka. Ina utaratibu wake na mashahidi wake, na mwanamke anajua anahesabu siku ngapi kabla ya kuwa huru. Wazee wetu wa Bungoma nao walikuwa na njia yao. Ndoa ilifungwa kwa ng'ombe, na ilikwisha ng'ombe waliporudi kwa wenyewe, wazee wakishuhudia. Njia zote mbili zinahitaji mwanamume kukaa kitako na kujieleza mbele ya watu. Hapo ndipo wanaume wengi niliowatafsiria walipoona shida. Wakaokota neno la Kiingereza ambalo, kwa walivyolielewa, halihitaji shahidi wala ng'ombe. Linahitaji mdomo tu.

Nilisikia likifanya kazi nyingi za ajabu. Mwanamume mmoja kutoka mji wa Kwanza, upande wa Kitale, aliposema amemdivosi mke wake alimaanisha amelala kwa kaka yake wiki moja kwa hasira. Mwingine alimaanisha ameoa wa pili na hajapata moyo wa kumwambia wa kwanza. Wanawake nao hawakuwa nyuma. Mmoja aliniambia amedivosiwa mara nne, na mume ni yule yule, na kila mara ilikuwa msimu wa kuuza mahindi. Alilitamka kama mtu anayetaja homa.

Kilele cha upuuzi huo kilikuwa barua. Mkulima mmoja wa nje ya Kitale alikuja mahakamani amekunja karatasi ya daftari la hesabu ndani ya mfuko wa nailoni. Juu ameandika kwa herufi kubwa DIVOSI LETA, yaani barua ya divosi kwa Kiingereza chake. Chini kuna sahihi yake, muhuri wa chama cha maziwa aliouazima kwa mwenyekiti, na alama ya dole gumba ya mke wake. Mke alikuwa amesimama pale pale, mwalimu wa shule ya msingi, anayejua kuandika kuliko sisi sote. Hakimu akamuuliza kama dole ni lake. Akanyoosha vidole vyote kumi na kusema, kwa Kiingereza chake mwenyewe bila kunihitaji, kwamba hivyo vyote vipo na hakuna kilichowahi kuguswa wino. Mkulima akaeleza kwamba dole lilikuwa lake yeye, lakini kwa kuwa mume na mke ni mwili mmoja, aliona halina tofauti. Nilitafsiri hayo bila kutabasamu, na mpaka leo naona hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya.

Haya ni ya kuchekesha, na mngependa niendelee nayo. Lakini kuna kesi moja ya Kitale ambayo hainichekeshi.

Mwanamke mmoja wa mlimani, nitamwita Chemutai, alikuja kupinga kutolewa kwenye nyumba yake. Mume alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine mjini na anataka kuuza boma. Asubuhi, tukiwa kwenye bomba la maji nyuma ya mahakama, Chemutai aliniambia kwamba Jumapili mume bado huja kuchukua shati la kanisani, ambalo yeye hulifua na kulipiga pasi. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Kizimbani wakili wa mume akamuuliza kama ni kweli walishadivosiana. Chemutai akajibu, "Ndiyo, alinidivosi." Mimi, kwa kuwa neno lilikuwa la Kiingereza tayari, nililipeleka kwa hakimu lilivyo. Hakimu akaandika. Kuhusu shati hakuna aliyeuliza, na kabla ya mvua za masika nyumba ilikuwa na watu wengine.

Mzee Ndiwa alinikuta kwenye korido. "Umetafsiri sawa," akasema. Akainama kufunga kamba ya kiatu, kisha akauliza, "Na mkono wako ulikuwa wapi?"

Nikamwambia neno ni la Kiingereza, sasa ningeliulizia nini.

"Neno ya Kiingereza ikiingia kwa mdomo ya mama wa mlima, si ya Mzungu tena. Ni yake. Ungeuliza yeye anaita nini divosi."

Niliona haya. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sikulala vizuri muda mrefu, na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati na hupenda kila kitu kiwe na jibu, aliniambia kosa lilikuwa la wakili. Nilimwambia wakili alifanya kazi yake vizuri kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma, karibu na nyumbani. Nilidhani kwa watu wangu neno litakuwa na adabu zaidi. Nilijidanganya. Bungoma ni mji wa ofisi, na penye ofisi neno la Kiingereza hunona. Kulikuwa na afisa mmoja wa mavazi safi aliyewaambia wasichana wote wa mjini kwamba yuko kwenye divosi. Alikuwa kwenye divosi mwaka huu, mwaka ujao na mwaka wa baada yake. Mimi nilikuwa masijala. Nilipekua kabati zote, na faili yake haikuwako, haijawahi kuwako, na mke wake alikuwa akimletea chakula cha mchana kwenye kibebeo cha bluu. Kulikuwa na mhubiri aliyekuja kutoa ushahidi akaapa kwamba katika kanisa lake hakuna divosi. Alisema kweli. Wanawake wa kanisa lake walitoroka tu bila kuiita jina lolote.

Vijana ndio wamelimaliza kabisa. Msichana wa kuuza kadi za simu karibu na stesheni ya reli aliniambia, "Huyo msee nilimdivosi Desemba." Walijuana Oktoba.

Zilipokuja kesi za kusikilizwa kwa mtandao nilidhani nimeona yote. Mwanamume mmoja akatokea kwenye skrini, amevaa koti na tai juu, akieleza kwa uchungu kwamba hajaishi na mke wake kama mume na mke tangu zamani. Nyuma yake akapita mwanamke na sufuria ya uji, akamimina kikombe, akakiweka karibu na mkono wake, akamfuta kitu fulani begani. Hakimu akauliza huyo ni nani. Mwanamume akageuka, akamtazama kwa muda, akasema, "Ni yeye tu, Mheshimiwa." Kisha akanywa uji.

Basi, kwa miaka hiyo yote mkono wangu nilikuwa nimeuinua mara chache. Nitawaeleza mara ya mwisho, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwanamke aliitwa Nasimiyu. Alikuwa fundi cherehani kwenye veranda moja ya mjini Bungoma, mwembamba, mwenye tabia ya kuuma uzi kwa meno hata anapoongea na wakubwa. Aliolewa kule Tongaren na mtu aliyeitwa Wekesa, mwenye shamba zuri la mahindi. Walilima pamoja miaka mingi na hawakujaliwa mtoto. Siku moja Wekesa alimtoa, akaleta mwanamke mwingine, na huyo naye akakaa misimu miwili ya mahindi kisha akaondoka zake. Wekesa akabaki peke yake hadi alipokufa, miaka tisa baada ya kumfukuza Nasimiyu. Ndugu zake walimzika. Muda si mrefu, kaka yake mkubwa, Wanjala, akaleta karatasi mahakamani akisema marehemu hakuacha mke wala mtoto, kwa hiyo shamba liende kwa ndugu. Nasimiyu akapata habari za karatasi hiyo kwa mteja aliyekuja kupunguza suruali. Akafunga cherehani, akaja kupinga.

Wanjala alikuwa na wakili kutoka mji mwingine, kijana mwenye viatu vinavyolia. Nasimiyu hakuwa na wakili. Alikuwa na mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na ndani yake jembe lisilo na mpini. Askari wa mlangoni alitaka kumnyang'anya. Akamwambia hilo ni jembe alilolimia shamba hilo tangu aolewe, na kama mahakama inataka kujua nani alilima, ilitazame lilivyoisha. Lilikuwa limebaki upana wa kijiko kikubwa. Askari akalihifadhi chini ya benchi lake.

Siku ya kusikilizwa, wakili alisimama akauliza swali lile lile. Je, ni kweli marehemu alimdivosi miaka tisa kabla ya kifo chake? Nililigeuza kwa Kiswahili kwa uangalifu, nikauliza kama marehemu aliivunja ndoa yao.

Nasimiyu akasema, "Ndiyo. Alinidivosi. Si Tongaren yote inajua?"

Wakili alikaa chini kabla sijafungua mdomo. Aliona kesi imekwisha. Kalamu ya hakimu ilikuwa imeshagusa karatasi. Nikainua mkono.

"Mkalimani, kuna nini?" hakimu akauliza. Alikuwa mama wa makamo anayevaa miwani kwenye ncha ya pua.

"Mheshimiwa, shahidi ametumia neno ambalo sijui analipa maana gani. Naomba ruhusa aulizwe."

Wakili akasimama tena, viatu vikalia. "Mheshimiwa, neno ni la Kiingereza. Mkalimani anataka kulitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiingereza?"

Watu wakacheka, hata askari. Niliwaacha wacheke. Katika kazi hii nimechekwa na watu wenye elimu ndogo kuliko huyo na wengine wenye kubwa, na mate yao hukauka kwa muda ule ule. Hakimu hakucheka. Aliniambia nimuulize shahidi alifanyiwa nini hasa.

Nasimiyu alijibu kwa Kiswahili chetu cha huku. "Nilitoka kisimani nikapata sanduku yangu nje. Wekesa akaniambia, enda kwa mama yako akufundishe kuzaa. Nikaenda. Si hiyo ndio divosi?"

"Alikwenda mahakamani?" hakimu akauliza kupitia kwangu.

"Koti? Wekesa hata kwa chifu alikuwa anaogopa."

"Ng'ombe zilizolipwa kwenu zilirudishwa?"

"Hata kwato haikurudi, Mheshimiwa. Baba yangu alikufa akikunywa maziwa ya hizo ng'ombe."

Nilipeleka yote, pamoja na kwato na maziwa. Hakimu aliandika mistari mingi pale ambapo pangekuwa na neno moja. Wakili hakushtuka sana. Alikuwa na mlango wa pili. Kama sheria ya mahakama haikuivunja ndoa, basi mila iliivunja, na Wanjala ndiye angeithibitisha mila.

Wanjala aliapa kwa Biblia, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Ni mtu mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuita watu mkutanoni na ulimi unaogeuza l kuwa r. Alisema kwa mila yao mwanamke akitolewa sanduku nje, ameisha. Alisema Nasimiyu si mke wa marehemu, si mtu wa ukoo, hana chake katika boma lile, hata jiwe la kusugulia kisigino. Wakili alikuwa amempanga vizuri. Kila sentensi ilikuja imenyolewa. Nilitafsiri nikisikia ladha chungu mdomoni, kwa sababu nilikuwa nikisema kwa nafsi yangu kwamba Nasimiyu si shemeji yangu, naye alikuwa akinitazama mimi badala ya kumtazama Wanjala.

Hakimu akamuuliza Nasimiyu kama ana swali kwa shahidi. Akasimama. Alisema ana swali moja, na akaliuliza kwa Kibukusu, polepole. Aliuliza: jeneza la Wekesa liliwekwa mlangoni pa nani?

Niligeuza kwa Kiingereza. Wakili aliandika swali hilo kwenye karatasi yake bila kuinua macho. Hakuwa mtu wa huku. Lakini nyuma yangu, kwenye mabenchi, minong'ono yote ilikatika, na mzee mmoja alivua kofia.

Niwaeleze nyinyi mnaotoka mbali. Katika ukoo wao, mwanamume aliyewahi kuoa hazikwi kama kijana ambaye hajaanza maisha. Jeneza lake hulala mlangoni pa mke wa kwanza, na mke huyo hukaa kichwani pake. Wasipofanya hivyo wanaamini marehemu atawasumbua, watoto wao wataugua, mahindi yao yatakauka yakiwa na masuke. Nyumba ya Nasimiyu ilikuwa imeanguka zamani. Kwa hiyo ndugu wale, kabla ya mazishi, waliisimamisha upya pale pale ilipokuwa, chumba kimoja cha udongo, siku mbili, wakaweka mlango. Kisha wakatuma pikipiki Bungoma kumchukua mwenye nyumba. Naye akaja, akakaa kichwani pa mtu aliyemtolea sanduku nje, akaondoka kesho yake kurudi kwenye cherehani yake.

Wanjala alikohoa. "Mheshimiwa, hiyo swali hairingani na shamba."

"Jibu," hakimu akasema.

"Ririwekwa nje."

Nasimiyu akauliza, "Nje ya nyumba gani?"

"Nyumba ire mpya."

"Nani alijenga?"

"Sisi."

"Mlijengea nani?"

Hapo Wanjala alitazama mabenchi. Wazee wa ukoo wake walikuwa wamekaa mstari wa mbele, na kila mmoja alikuwa amebeba udongo wa nyumba ile kwa mikono yake. Angeweza kumdanganya hakimu, kwa maana alikuwa amekwisha kufanya hivyo tangu asubuhi na Biblia haikuwaka moto. Lakini kusema mbele ya wazee kwamba Wekesa alilazwa mlangoni pasipo na mwenyewe, kwamba walimzika ndugu yao kama mvulana, hilo hakuliweza. Watu hawa walimwogopa maiti kuliko mahakama. Wakili alimtolea macho, asijue kinachoendelea.

"Mke mkubwa," Wanjala akasema kwa sauti ya mtu anayesinzia.

"Jina lake?"

"Nasimiyu."

Niliyapeleka majina yote mawili kwa hakimu, la cheo na la mtu. Sitawaficha kwamba nilifurahi. Mkalimani haruhusiwi kufurahi, kwa hiyo nilitazama penseli yangu.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki kadhaa. Hakimu alisema hakuna mahakama iliyovunja ndoa ile, na kuhusu mila, ukoo ulioweka mlango kwa mikono yake hauwezi kugeuka na kusema mwenye mlango hayupo. Nasimiyu ni mjane wa Wekesa, na shamba ni lake. Wakili alikusanya karatasi na kuondoka na viatu vyake. Najua mtasema mlango ndio ulioshinda kesi, wala si mkono wangu, na mtakuwa sawa. Lakini nawaambia kwamba kama hakimu angeandika ile "ndiyo" tupu siku ile, huenda asingefika kwenye swali la mlango. Fikirieni hilo mnapokimbilia chai.

Nilitoka nje kupata hewa. Nasimiyu alikuwa amesimama kwenye ngazi, amekwisha kulichukua jembe lake kwa askari, anajaribu kulirudisha mfukoni. Wanjala akaja akiwa na wazee wawili nyuma yake. Nilidhani anakuja kutukana. Uso wake ulikuwa laini kabisa, na sauti ameishusha.

"Shemeji," akasema, "mambo ya koti yameisha. Sisi ni watu wa nyumba moja. Wazee wamekaa, wakaona si vizuri wewe ukae peke yako kwa shamba. Wamesema mimi ndio nitakuangaria."

Kwa wasioelewa, kumwangalia maana yake ni kumrithi. Alikuwa amekosa shamba kwa kumkana, sasa analitafuta kwa kumuoa. Nimesikia ujinga mwingi kwenye ngazi zile, lakini huo ulivaa suti.

Nasimiyu alimtazama. "Wewe si uliapa na Biblia ati mimi nilidivosiwa? Aliyedivosiwa anarithiwa aje?"

"Hiyo irikuwa ya koti, shemeji. Wewe mwenyewe unajua. Nyumbani ni nyumbani, na wewe ni wetu, bana."

"Mimi ni wenu?"

"Kabisa. Hata wazee ndio hawa."

Wazee wakaitika kwa vichwa. Nasimiyu akawageukia, akawauliza mmoja mmoja kama wamesikia. Wakasema wamesikia. Akafunga mfuko wake kwa fundo.

"Basi nimeshukuru. Ile nyumba mlinijengea kwa siku mbili inavuja yote, na mimi nahamia Jumamosi. Ulete bati, upande juu wewe mwenyewe, wazee wakuone. Ukimaliza, urudi kwa bibi yako."

Wanjala akawatazama wazee wake. Wazee walikuwa wanamtazama yeye, wakingoja. Alikuna shingo, akatazama chini kwenye ngazi.

"Bati ngapi, shemeji?" akauliza.